Ndoo ya Ming'oko na Masomo ya Wiki

"Darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa na upepo," alisema Veridiana mbele ya kikao cha wazazi, mkono mmoja kiunoni. "Lakini niulizeni wiki yoyote mnayotaka, mjukuu wangu wa kidato cha pili anasoma nini. Nitawatajia somo kwa somo. Nikikosa hata moja, ndoo yangu nzima ya ming'oko mle bure."

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Kikao kilikuwa cha jambo jingine kabisa. Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa kupulizia dawa mikorosho, na wazazi wa kijiji kimoja cha Newala, nyuma ya Chilangala, walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamekaribia videvu, wakijadili ombi la Hamidu. Hamidu ni Mmakua wa upande wa Masasi aliyekuja Newala kuoa akasahau kurudi. Ana mikorosho mingi na maneno mengi zaidi. Alitaka watoto waachiwe mapema kila siku wakabebe maji ya kuchanganyia dawa, maana huku juu maji yako mbali na mikorosho haisubiri mtu.

"Kwani huko ndani wanajifunza nini?" aliuliza. "Mzazi mmoja tu aniambie wiki hii mtoto wake kasoma nini. Mmoja."

Watu wakatazama viatu vyao. Wengine wakatazama viatu vya jirani. Ndipo Veridiana akasimama.

Mkuu wa shule, Mwalimu Dunstan, ni mtu mpole, ila upole wake una meno. "Mama Emilia," alisema, "tumekusikia. Kikao tunakiahirisha. Jumamosi ijayo utatueleza ya wiki hii inayoanza, kisha ndipo tuamue ombi la mzee Hamidu."

"Na pilipili isipungue, mtani," alisema Hamidu, na watu wakaondoka wakicheka.

Kwa wanaomjua Veridiana, majigambo hayakuwa habari. Huyu ndiye aliyewahi kutangaza kanisani kwamba hajaumwa jino tangu azaliwe, huku ameshika shavu. Ana miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Riziki yake ni ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo hakuna aliyevipanda na kila mtu anavidai. Anaichimba na wanawake wenzake, anaiosha kwa maji machache na matusi mengi, anaichemsha, halafu kila asubuhi inakwenda kuuzwa kwenye geti la sekondari ikiwa ndani ya ndoo ya bati. Ndoo hiyo ni nzito. Hupitishwa mti kwenye kishikio, Veridiana akashika ncha moja, mjukuu wake Glory akashika nyingine, wakaondoka kama watu waliobeba mgonjwa. Na kila asubuhi, kabla hawajafika kwenye mkorosho wa kwanza, Veridiana huivuta ndoo upande wake.

"Mke mdogo ana mikono ya siagi," husema. "Atanimwagia mtaji."

Mke mdogo ni huyo huyo Glory. Ndivyo utani wa nyumbani ulivyo: babu humwita mjukuu wake wa kike mke, basi bibi hana budi kuwa mke mkubwa, na wake wenza wana haki ya kugombana. Marehemu Edmund, mume wa Veridiana, alikwenda Chidya kusoma akarudi baada ya kidato cha pili na koti, tai, na Kiingereza cha kutosha kuwatisha mbuzi. Alimlea Glory kwa sababu binti yao Emilia, mama wa mtoto, anashona nguo Masasi mjini. Alipomwona Glory kwa mara ya kwanza alimwambia mkewe, "Sasa nimepata mwenye meno yote." Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa na wake wawili na vita isiyokwisha. Edmund alipofariki, Glory akiwa darasa la saba, wale wake wenza waliendelea kumgombania vilevile. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kumweka nyumbani.

Na kila jioni, tangu Glory akiwa darasa la kwanza, swali la jikoni lilikuwa moja: "Leo wamekulisha nini shuleni?" Glory alikuwa anamwaga kila kitu huku akiosha ming'oko: mito, sentensi, mifupa ya mwili. Mke mkubwa akiwa na la kubisha, anabisha. Kesho yake anawauzia wateja ming'oko na masomo pamoja. Hapo ndipo alipopata jina la Redio.

Glory alipoingia sekondari, masomo yakahamia kwenye Kiingereza na redio ikakosa mawimbi. Swali likabaki lile lile, jibu likawa jipya: "Tumesoma tu."

"Mmesoma nini?"

"Masomo."

Na utani ukafa pamoja na habari. Veridiana akimtupia neno la uke wenza, Glory anasema, "Sawa, Bibi." Hakuna tusi baya kama hilo kwa mtani. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili ukafika katikati. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama kwenye kikao kile kutangaza kwamba anajua kila kitu alikuwa hajaambiwa hata kitu kimoja kwa mwaka mzima na nusu. Alijigamba kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango uliofungwa, kwa nguvu, ili aliye ndani aone aibu afungue.

Glory hakufungua. Jumamosi ile ile alipoambiwa, alisema, "Bibi, umetafuta mwenyewe," akaenda kufua sare.

Jumatatu Veridiana akaanza kazi ya upelelezi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mwanafunzi wa kidato cha pili akileta somo moja, anaongezewa ming'oko miwili na pilipili mpaka alie. Mapumziko ya kwanza hayajaisha, geti lilikuwa limejaa wasomi.

"Biolojia," alianza Grace, rafiki wa Glory, binti mwenye sauti ya kunong'ona hata akiita mtu. "Jani linajipikia chakula chake. Linatumia jua na maji."

"Jani linapika." Veridiana aliligeuza neno mdomoni kama anaonja chumvi. "Na maji nani anachota?"

"Mizizi, Bibi. Inakwenda chini mbali, inaleta juu."

"Basi mizizi ni mwanamke wa Newala. Hilo nimelielewa. Chukua mitatu."

Kemia ilimletea shida. Kijana mmoja alimwambia kwamba maji yametengenezwa kwa hewa mbili zilizoungana. Veridiana akatazama juu, akatazama mikorosho inavyopepea, akasema hewa hapa ipo ya kumwaga, sasa hao wataalamu wanangoja nini kuziunganisha. Kijana akasema hawajafika hapo.

Abuu alikuja Jumanne. Huyu ni Myao wa Nanganga aliyeletwa kwa mjomba wake asome, na anajiona mkopo ambao Newala haitaweza kulipa. "Shikamoo, Bibi. Historia tumesoma Wayao tulivyotembea na biashara mpaka pwani, ninyi Wamakonde mmejificha huku juu mnachonga vinyago vya kututisha msipande."

"Marahaba. Na viliwatisha?"

"Kidogo."

"Ndiyo maana umepanda na njaa. Hiyo ya pwani naichukua, hiyo ya kujificha rudi nayo Nanganga." Lakini ming'oko miwili alimpa, kwa sababu mtani hafukuzwi akiwa na njaa.

Mpaka Jumatano alikuwa na kila somo isipokuwa Fizikia. Fizikia kila aliyemuuliza alitazama pembeni. Walikuwa wameandika, walisema. Wameandika sana. Mmoja alimwonyesha kwa mikono, kitu kama mti, mshale ukishuka huku, mshale ukishuka kule. "Maana yake?" Maana yake mwalimu alifuta ubao kabla hajafika huko. Mwalimu wa Fizikia ni Basil, kijana aliyefika muhula huu, shati limepigwa pasi hadi kola inakata, na Kiingereza anachokisema kwa mwendo wa pikipiki isiyo na breki.

Alhamisi jioni Veridiana aliketi jikoni akaanza kujisomea kwa sauti, kama mtu anayekariri katekisimu. Glory alikuwa anaosha ming'oko, mgongo amempa.

"Hesabu," alisema Veridiana. "Pembetatu yenye kona iliyosimama. Ina mume mmoja mrefu na wake wawili wafupi. Wake wakijumlishwa, wanampata mume."

Mgongo wa Glory ulitikisika. Veridiana akadhani analia. Kumbe anazuia kicheko, na alikizuia mpaka kikatokea puani.

"Si hivyo, Bibi."

"Ndivyo nilivyoambiwa, na aliyeniambia kala ming'oko minne."

"Amekuibia. Ukijumlisha hivyo hivyo wanamzidi mume. Kila mke kwanza ajizidishe yeye mwenyewe."

"Ajizidisheje? Anenepe?"

"Mara yeye mwenyewe. Mke wa kwanza tatu, mara tatu, tisa. Wa pili nne, mara nne, kumi na sita. Jumlisha."

Veridiana alijumlisha kwa ming'oko, akaipanga sakafuni. "Ishirini na tano."

"Na mume ni tano. Mara tano?"

"Ishirini na tano." Aliyatazama yale mafungu. "Kwa hiyo mume peke yake ni wake wawili waliojizidisha. Edmund alikuwa analijua hili?"

"Alikuwa analijua. Ndiyo maana alikuwa anajivuna."

"Na yule nne ni nani?"

"Mimi," alisema Glory. "Wewe ni tatu. Umeshaanza kupungua."

Veridiana alimtupia ganda. Halikumfikia, na wala hakukusudia limfikie. Zilikuwa zimepita siku nyingi mno tangu atukanwe vizuri namna ile, akaogopa hata kupumua asije akauharibu utani.

Waliyapitia yote jioni ile. Jani, hewa mbili, Wayao, udongo unavyomomonyoka kwenye miteremko ya Newala na jinsi nyasi zinavyoushika. Glory akimsahihisha alikuwa anaanza kwa Kiswahili, akikwama anarukia Chimakonde, na mara mbili alisimama katikati ya sentensi akasema, "Kumbe ndivyo," kama aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani.

"Fizikia sasa," alisema Veridiana.

Glory akarudi kwenye ndoo ya maji.

"Mke mdogo. Fizikia."

"Siijui, Bibi."

"Hukuwapo darasani?"

"Nilikuwapo. Nimeandika kurasa tatu. Naweza kukuchorea, siwezi kukwambia." Alikuwa anasugua mng'oko ambao ulikuwa umeshatakata zamani. "Si hiyo tu. Kidato cha kwanza chote nilikuwa sijui. Darasa la saba nilikuwa wa pili shule nzima, nikaja huku nikawa bubu. Ulikuwa unaniuliza nimelishwa nini. Ningekwambia nini? Na ningekwambia, asubuhi geti zima linajua. Si wewe ndiye Redio?"

Veridiana alimpokea ule mng'oko, akauweka kando.

"Usiwaambie, Bibi," alisema Glory.

Jumamosi kikao kilijaa kuliko siku ya kugawa dawa ya mikorosho. Ndoo ilikuwa mbele, kifuniko juu, harufu imeshatangulia. Wanafunzi hawakualikwa, kwa hiyo walikuwa wote madirishani. Glory alikuwa dirisha la nyuma, kidevu kwenye matofali, na Veridiana alimwona alipoingia tu.

Mwalimu Dunstan akataja somo, Veridiana akajibu. Kwenye jani na mizizi akina mama walicheka wakapigana mabega. Kwenye hewa mbili hakucheka mtu. "Watoto wanasema maji ni hewa mbili zilizoshikana," alisema, "na sisi hapa hewa tunayo. Waacheni wasome, labda mmoja wao atajua kuzishikanisha, tupumzike kutembea na ndoo." Mzee mmoja kwenye dawati la nyuma alisema, "Ameni," ingawa ni Mwislamu. Hesabu aliifanya kwa ming'oko juu ya meza ya mwalimu, mafungu ya tatu tatu na nne nne, na Hamidu alisogea akahesabu mwenyewe mara mbili akitafuta wizi. Hakuupata.

"Fizikia," alisema Mwalimu Dunstan.

Veridiana akaanza kuyakusanya yale mafungu ya ming'oko mezani.

Mwalimu Basil, aliyekuwa ameketi ukutani, alinyoosha kola.

"Fizikia, Mama Emilia," Hamidu alirudia kwa utamu. "Au umeme umekatika? Muulize mke mwenzio, yule pale dirishani. Lazima anajua, amesoma wiki nzima."

Vichwa vyote vikageukia dirisha la nyuma. Glory hakuinama. Alibaki vilevile, kidevu kwenye tofali, anamtazama bibi yake machoni kama mtu anayetazama ukuta uliopata ufa.

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, hajui, hata yeye hajui, hata wenzake hawajui, na Veridiana angebaki na heshima yake, lawama ingehamia kwa mwingine. Alikuwa na ushahidi wa geti zima.

"Fizikia sikuuliza," alisema. "Niliona Jumatano imefika, nikasema inatosha, nikalala. Uvivu wangu. Nimeshindwa." Akafunua ndoo. "Kuleni."

Kelele zilizofuata zilikuwa za furaha, maana watu wanapenda mtu mwenye majigambo ashindwe, na wanampenda zaidi akishindwa na chakula. Mwalimu Dunstan alijaribu kuuliza nani anaunga mkono watoto waachiwe mapema. Mkono wa Hamidu mwenyewe ulikuwa ndani ya ndoo. Mikono ya wengine ilikuwa njiani kuelekea huko huko. Mwalimu akasema ombi limekosa mikono, akaenda kutafuta kisahani.

Glory alikuwa ameshaingia. Hakuitwa. Alifunga kanga juu ya sare, akaanza kugawa.

"Tuwieni radhi," alisema kwa sauti ambayo geti halijawahi kuisikia. "Mke mkubwa kazeeka, anasahau kuuliza. Mume wetu angekuwapo angemrudisha kwao."

"Kwetu ni hapa hapa," alisema Veridiana. "Angenirudisha, angefika na mimi nyumbani kwake."

Zamu ya kisahani cha Mwalimu Basil ilipofika, Glory alikijaza, akakishikilia kidogo. "Mwalimu, ile ya Jumatatu. Mti na mishale. Sikuielewa. Darasa zima hatukuielewa."

Basil alikuwa na mng'oko mdomoni na pilipili machoni, na hali hiyo si ya kuongelea Kiingereza. Akatazama huku na huko, akauona ule mti wa kubebea ndoo umeegemezwa mlangoni. "Mzee Hamidu, samahani, shika hapa." Akaupitisha kwenye kishikio cha ndoo, Hamidu ncha moja, Glory ncha nyingine. "Nyanyueni. Sasa tazameni." Akaisukuma ndoo kuelekea kwa Hamidu, inchi kwa inchi, na Hamidu akaanza kuinama, inchi kwa inchi.

"Mwalimu, unaniua."

"Mzigo ule ule," alisema Basil. "Ming'oko haijaongezeka. Ila ukiwa karibu na mtu, huyo ndiye anaubeba. Yule wa mbali amebeba jina tu." Akafuta mdomo. "Ndiyo ile ya Jumatatu. Ndiyo yote."

Watu walimcheka Hamidu. Glory hakucheka. Alikuwa ameshika ncha yake ya mti, nyepesi kama ufagio, na alikuwa anamtazama bibi yake, ambaye ghafla aliona umuhimu mkubwa wa kutafuta kifuniko.

"Mikono ya siagi," alisema Glory.

"Ulikuwa mdogo," alisema Veridiana. "Ungemwaga."

Jumatatu asubuhi walipitisha mti kwenye kishikio wakaondoka. Kabla ya mkorosho wa kwanza Veridiana aliivuta ndoo upande wake. Glory akairudisha kwake. Veridiana akaivuta. Waliopishana nao njiani waliwasikia kabla ya kuwaona, mmoja anasema wake wa siku hizi hawana adabu, mwingine anasema wa zamani hawana meno, na ndoo inakwenda huku na inarudi huku, mpaka walipofika getini ikiwa katikati, wote wawili wanahema.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Basil alishuka kutoka ofisini, kola imesimama, akanyoosha mkono kwenye ndoo kama alivyofanya Jumamosi. Glory akaweka kifuniko.

"Fungu moja, na pilipili, ni shilingi mia tano," alimwambia.